Spika janja ya okazioni Lubumbashi: ipi ya kununua kwanza

Anayenunua spika janja mpya, yaani ile inayopokea amri kwa sauti, huuliza kwanza sauti yake ikoje, lakini anayetafuta ile iliyokwisha kutumiwa hapa Lubumbashi afadhali aulize mambo mawili mengine: inatumia umeme wa volti ngapi, na je, aliyekuwa nayo ameiachilia kweli, yaani ameitoa kwenye akaunti yake? Nimezipanga kwa vipimo hivyo viwili, na mpenzi wa muziki mtupu huenda asikubaliane nami.

Ya kwanza kwangu ni Google Home Mini ya mwaka 2017. Inapokea volti 5 kwa waya wa micro-USB, ule ule wa simu za Android za zamani, kwa hiyo chaja ikipotea huhangaiki. Delestaji (mgao wa umeme) ikija saa moja ya jioni, unaichomeka kwenye pawabenki inayotoa ampea 2 nayo inaendelea, mradi modemu yako nayo iwe na betri, maana bila intaneti itakachokuambia ni kwamba haipati mtandao. Tena mmiliki wa zamani hawezi kukufungia: chini yake, karibu na mahali waya unapoingia, kuna duara dogo ambalo ukilibana kwa sekunde kama 15 spika hujifuta yote na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kasoro yake ni kwamba haina tundu la waya wa sauti, na sauti yenyewe inatosha chumba kimoja tu.

Ya pili ni Echo Dot ya Amazon ya kizazi cha 2, ya mwaka 2016. Nayo ni ya volti 5, na ina tundu la milimita 3.5, hivyo unaweza kuiunganisha na ile redio kubwa ya sebuleni ambayo baba hataki kuitupa, na udhaifu wa spika yake ya ndani ukasahaulika. Ila hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua moja katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Muuzaji aliichomeka, duara la taa ya buluu likazunguka juu yake, akaniambia, “Inatumika muzuri, yaya,” nami nikaridhika na taa. Nilipofika nyumbani, programu ya Alexa, ile ya simu inayoendesha Echo, ikanijulisha kwamba kifaa kimesajiliwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Niliifuta kwa kubana vitufe, taa ikageuka ya rangi ya machungwa, nikaanza upya, jibu likawa lile lile; muuzaji naye hakumjua aliyemletea. Leo inakandamiza karatasi mezani pangu. Kwa hiyo Echo yoyote, ya kizazi chochote, isajili kwenye akaunti yako palepale sokoni kabla ya kutoa pesa, na uende na simu mbili, moja ya kutoa Wi-Fi na nyingine yenye programu, kwa sababu simu moja kufanya kazi zote mbili mara nyingi husumbua.

Nafasi ya tatu nawapa wawili pamoja: Echo Dot ya kizazi cha 3 (2018) na Nest Mini ya Google (2019). Sauti zao ni nzito zaidi, lakini chaja zao zina ncha ya duara, ya volti 12 kwa Echo na volti 14 kwa Nest, kwa hiyo pawabenki ya kawaida haisaidii, na chaja ya kubahatisha inaweza kuziua. Nest Mini yenye chaja yake halisi ningeitanguliza mbele ya Echo ya 2016. Chaja ikiwa na meno bapa ya Marekani, soma maandishi yake madogo: ikiandikwa 100-240V, unahitaji adapta ya prizi (soketi ya umeme) tu, si transfoma.

HomePod mini ya Apple ya mwaka 2020 inazishinda zote kwa sauti, lakini haiwezi kuandaliwa bila iPhone au iPad. Nyumba yenye simu za Android iiache.

Kuhusu bei, kumbuka kwamba zilipozinduliwa huko Marekani, Home Mini na Nest Mini ziliuzwa dola 49, Echo Dot karibu dola 50 na HomePod mini dola 99. Anayekudai dola 40 kwa kitu cha 2017 anakutania.

Ukishaipata, washa modemu kwanza, kisha spika, halafu ndipo uongeze taa na prizi janja. Prizi ya ampea 10 usiichomekee pampu ya maji wala hita. Lugha nayo iamue mapema: hakuna kati ya hizi inayopokea amri kwa Kiswahili, kwa hiyo wengi wetu huchagua Kifaransa, na hapo taa ya sebuleni iite “salon”, kwa kuwa ukiiandika “sebule” spika itasikia neno jingine kabisa na kukuuliza unataka nini.