Uzoefu wangu: chakula cha kroila na Sasso wa nyama hapa Mbeya

Nimelisha kroila na Sasso, yaani kuku chotara wa nyama, kwa njia tatu. Ya kwanza ni stata (chakula cha kuanzia) na finisha (cha kumalizia) ya broila kutoka mfukoni mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni chakula cha vifaranga wa mayai kikifuatiwa na growa (chakula cha kukuzia) ya kuku wa mayai. Ya tatu ni stata ya broila wiki nne tu, halafu mchanganyiko wa nyumbani mpaka kuuza. Nimebaki na ya tatu. Ya kwanza inakuza vizuri, ila kuanzia wiki ya tisa hela inageuka mafuta ya tumboni, hasa kwa matetea. Ya pili simshauri mtu.

Growa ya mayai ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu mfuko wake ni nafuu. Ile imetengenezwa makusudi kumzuia tetea asinenepe kabla ya kutaga. Protini yake huwa asilimia 14 hadi 16. Ukimpa kuku unayemtaka kwa nyama, atakua mrefu, kifua kama kisu. Chakula cha kuku anayetaga ni kibaya zaidi: kina kalsiamu karibu asilimia 4 wakati kuku anayekua anahitaji kama 1, na ziada hiyo inaumiza figo. Muuza duka akikwambia "chakula ni chakula, kroila hachagui", kula kweli atakula. Kukua ndiyo kazi.

Bei ya mfuko peke yake haisemi kitu. Mimi napima hivi: bei ya kilo moja ya chakula, mara kilo za chakula alizokula kuku, gawa kwa uzito wake wa kuuzwa. Kwa chotara wa wiki 12 mwenye kilo 2, tegemea kama kilo 5.4 za chakula, yaani kilo 2.7 kwa kila kilo ya kuku. Kwa kuku 100 ni hivi: wiki ya 1 hadi ya 4, kilo 78, ya 5 hadi ya 8, kilo 194, ya 9 hadi ya 12, kilo 273. Jumla mifuko 11 ya kilo 50. Stata ni mfuko mmoja na nusu tu kati ya hiyo 11, ndiyo maana sibanii hapo. Nanunua yenye protini asilimia 21 au zaidi. Kifaranga aliyedumaa wiki ya tatu huwezi kumfidia baadaye bila kumlisha wiki za ziada.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko. Vitamini hupungua nguvu, kwa hiyo zaidi ya miezi miwili naacha. Kisha omba konzi moja. Weka vijiko viwili kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano. Mchanga na chokaa hutua chini kwanza, maganda huelea juu. Mfuko mmoja wa kiwanda nisichokitaja uliacha tabaka la mchanga unene wa kucha na maganda ya alizeti yaliyofunika glasi nzima. Harufu ya ukungu nayo haina mjadala, hata kwa punguzo.

Mchanganyiko wangu wa kukuzia, kilo 100:

Mahindi 51, pumba za mahindi 12, soya iliyokaangwa 16, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) 12, dagaa 6, mifupa iliyosagwa 1.5, chokaa ya mifugo 0.7, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 0.5, chumvi 0.3.

Hapo unapata protini kama asilimia 17.5. Dagaa wakiwa wa chumvi, ondoa chumvi yote.

Soya ndiyo inayoharibu mchanganyiko wa watu wengi. Mbichi ina kizuizi kinachomfanya kuku ashindwe kumeng'enya protini: kinyesi kinakuwa majimaji, kundi linakua kwa ngazi, wakubwa na wadogo umri mmoja. Kaanga mpaka ganda lipasuke na rangi iwe kahawia hafifu, kisha tafuna punje mbili. Ikiwa bado ina ladha ya maharage mabichi, rudisha jikoni. Ikiungua nayo umepoteza, maana moto mkali unaua laisini, sehemu muhimu ya protini. Ambaye hana sufuria kubwa achemshe nusu saa tangu maji yaanze kutokota, aanike mpaka ikauke kabisa.

Mashudu ya mashine ndogo za Iringa na Makambako huja na maganda mengi, kwa hiyo sivuki kilo 12, na kwa vifaranga siweki kabisa. Pumba za mpunga za Mbarali au Kyela zinaweza kuchukua nafasi ya pumba za mahindi zikiwa laini na mpya. Zikikaa wiki mbili tatu mafuta yake yanachacha, na kuku wanazisukuma pembeni. Dagaa wa mifugo ni wa kuchekecha kwanza; waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga huo unaulipia kwa bei ya samaki.

Mahindi yasiyokauka vizuri ni hatari kuliko uhaba wa mahindi. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na kuipika hakuiondoi. Punje iking'atwa ivunjike kwa mlio. Ikibonyea, anika tena. Saga kwa chekeche ya milimita 3 au 4. Unga laini kama wa ugali unaganda mdomoni mwa kuku na kuishia kwenye maji.

Kuchanganya: premiksi, chumvi, chokaa na mifupa vianze kwenye ndoo na kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, ndipo vimwagwe juu ya rundo. Geuza kwa beleshi mara tano kwenye sakafu safi. Ukirusha premiksi moja kwa moja kwenye rundo, kuku mmoja anakula sehemu ya kuku kumi. Badilisha kutoka stata kwa siku nne, robo kwa robo.

Juni na Julai kuku wanakula zaidi ili kujipasha joto. Miezi hiyo naongeza mahindi kilo 4 na kupunguza pumba kilo 4. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu ukungu wa asubuhi unaingia hata ghalani. (Mwinuko wetu wa kama mita 1,700 unawaua broila kwa maji tumboni wakilishwa chakula cha vidonge bila kipimo, chotara anaukaa vizuri zaidi.)

Pima kuku kumi kila wiki nne. Nategemea gramu 400, kisha kilo 1.25, kisha 2. Chini ya hapo, angalia soya kwanza.

Wiki mbili za mwisho toa dagaa, weka soya 22, la sivyo nyama inanuka samaki. Kama chakula kina dawa ya kuhara damu, fuata siku za kusitisha dawa kabla ya kuchinja zilizoandikwa. Usiku wa kuamkia kuchinja ondoa vilishio kwa muda wa saa 8 hadi 10 kabla ya kuchinja, maji yabaki.