Basi la historia ya Dayton: lilinifanya nimdanganye mama yangu

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu huduma. Lakini kila nikipita West Third Street, hapa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, naikumbuka siku ile na damu inachemka, kwa hiyo acha niyatoe.

Ilikuwa majira ya joto, kama mwezi wa saba hivi. Mama alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu atoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, mji huu ni wa akina nani? Nani walianza kukaa hapa?" Nikaona vyema nimpeleke akasikie mwenyewe. Nikakata tiketi mbili za basi linalotembeza watu kwenye historia ya Dayton, tukakaa siti za mbele, mimi namtafsiria sikioni.

Nisiseme uongo, mwanzo ulikuwa mtamu. Yule mwongozaji anajua kusimulia. Alipofika kwenye mafuriko ya Machi 1913 basi zima lilinyamaza. Watu walipanda darini, wakakaa huko na baridi na njaa wakisikia nyumba za jirani zinang'oka. Kiwanda cha NCR, kilichokuwa kikitengeneza mashine za kuhesabia fedha za madukani, kiliacha kazi yake, na mafundi wakaunda mashua kama 300 za kuokolea watu. Hata hivyo walikufa zaidi ya 360. Baadaye wenyeji walichanga pesa, yakajengwa mabwawa matano ambayo siku za kawaida ni makavu: mto unapita zake chini, mvua ikizidi ndipo yanauzuia. Yalikamilika 1922 na tangu hapo katikati ya mji hapajazama tena. Mama alilia. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, na mwaka 2020 mto Mulongwe ulipofurika ulitubebea ndugu. Akaninong'oneza, "Kumbe hawa nao yamewafika." Kwa saa hiyo moja ningempa yule bwana nyota zote tano na bakshishi juu.

Kisha tukavuka upande wa magharibi. Duka la baiskeli la ndugu Wright, pale Williams Street: karibu nusu saa, na picha, na maswali ya kila mtu. Sawa, ndio waliorusha ndege, sina ugomvi. Tulipopanda tena, nikauliza kwa adabu kama tutashuka nyumbani kwa Paul Laurence Dunbar, maana si mbali na pale. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa jioni alitufundisha habari zake, na nilikuwa nimeshamwahidi mama.

Kwa asiyemjua: Dunbar alizaliwa Dayton 1872. Wazazi wake wote wawili walikuwa watumwa Kentucky. Alisoma darasa moja na Orville Wright, akiwa mwanafunzi pekee mweusi darasani, na mwaka 1890 akina Wright ndio waliomchapia gazeti lake la watu weusi wa mji huu. Alipomaliza shule hakuna ofisi iliyomtaka. Akaendesha lifti kwa dola 4 kwa wiki, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi akawa anawauzia abiria humo humo, dola moja moja, hadi akalipa deni la kuchapisha. Alikuja kuwa mshairi anayejulikana nchi nzima, na alikufa ana miaka 33 tu.

Jibu nililopewa: "Huyo alikuwa rafiki wa Orville. Nyie mmefika juzi, anzeni na mambo makubwa kwanza." Kwenye maikrofoni. Abiria wawili watatu wakacheka.

Mama akanishika mkono. "Amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema muda umekwisha, mama."

Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Labda yule bwana alikuwa amechoka, joto lilikuwa kali kweli. Hapana. Aliyechoka husema amechoka. Na hao wa kwanza kufika 1796 nao walikuwa wageni, hawakuota pale kandokando ya mto kama miti. Baba yake Dunbar alipigana katika jeshi la Kaskazini, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Naye alifika juzi?

Aliyetenda utu ni dereva, mama mmoja wa makamo. Kwenye kona alipunguza mwendo, na tulipokuwa tunashuka mwisho wa safari akaniambia polepole, "Nyumba namba 219." Nilipolalamika ofisini kwao walinipa kuponi ya safari nyingine kwa nusu bei. Hakuna aliyesema pole.

Jumapili moja nikampeleka mama mwenyewe. Mtaa sasa unaitwa kwa jina la Dunbar, na nyumba imo ndani ya hifadhi ya taifa ya historia. Aliinunua 1904 na kuishi humo na mama yake, Matilda, aliyemlea kwa kufulia watu nguo. Vitabu vyake vipo, na taipureta. Mama yangu anakunja mashuka hotelini zamu ya usiku. Alisimama muda mrefu mbele ya picha ya Matilda, akanigeukia. "Mbona siku ile hatukushuka hapa?"

Nikamwambia ukweli wote. Tukarudi nyumbani kimya. Usiku, akiwa anafunga viatu vya kazi, akasema, "Kwa Matilda tutarudi. Lile basi, hapana."

Nilikuwa nimeweka nyota mbili, kwa ajili ya yale mafuriko. Naondoa moja. Iliyobaki ni ya dereva.