hdparm ni nzuri, ila ukiilaza laptopu diski inasahau kila kitu

Natumia hdparm, ile programu ya kubadilisha mipangilio ya diski, kwenye Linux siku nyingi na bado naipa nyota 4 kati ya 5, ila hiyo moja iliyobaki naeleza kwa nini, maana diski yangu imeumia. Laptopu ikitulia kidogo tu nasikia tik, ni kile kichwa cha kusomea kinaenda kujiegesha, nikigusa faili kinarudi kazini, tik tena, siku nzima hivo hivo. Nikaandika sudo hdparm -B 254 /dev/sda (-B ni kiwango cha diski kubana umeme, namba ikiwa kubwa inabana kidogo), kimya kabisa, nikajua yameisha.

Yameisha wapi. Nafunga kifuniko inalala, nikija kufungua tik zimerudi, nikadhani diski inakufa. Nikacheki kwa hdparm -B /dev/sda bila namba yoyote ndo naona imerudi 128, ile iliyotoka nayo kiwandani. Kumbe kompyuta ikilala diski inakatiwa umeme, na yangu ile namba haiiweki popote pa kudumu, ikiamka inaanza upya. Na hdparm yenyewe haikai kulinda kitu, inatuma amri mara moja inaondoka zake.

Na sio kero ya sauti tu jamani. Cheki smartctl -A, amri ya kusoma hali ya diski, mstari wa 193, Load_Cycle_Count, hapo kila kuegesha kunahesabiwa. Diski nyingi za laptopu zimepimwa kwa 300,000 au 600,000, yangu nilikuta imeshapita 210,000 na haijafikisha hata miaka miwili, iliniuma sana.

Nilichofanya nimeweka skripti fupi kwenye /usr/lib/systemd/system-sleep/, systemd, ile inayosimamia huduma za Linux, inaiita kabla ya kulala ikiipa neno pre na ikiamka inaipa post, so ikiona post inarudia ile -B 254, ila lazima uipige chmod +x la sivyo haiguswi. Usiyependa skripti weka TLP, programu ya kubana umeme wa laptopu, kuna DISK_APM_LEVEL_ON_AC na ya betri pia, inarudisha yenyewe ikiamka. Kama unatembea na laptopu ikiwa inawaka basi kwenye betri acha 128, kichwa kisichoegeshwa na mtikisiko haviendani. Wenye SSD hii haiwahusu.

Tangu niiweke, wiki nzima hesabu imepanda 19 tu, na hizo ni zile mara nilizoilaza mwenyewe.