Godlee au Macewen: nani kweli alitangulia?

Kwa miaka mingi sifa ya kuutoa uvimbe wa ubongo kwa mara ya kwanza amepewa daktari wa upasuaji Rickman Godlee wa London. Novemba 25, 1884 alilifungua fuvu la kijana ambaye daktari Hughes Bennett alishabaini uvimbe uliko kwa kufuata tu degedege zake na mkono wa kushoto uliokuwa ukipooza. Uvimbe ulitoka, magazeti yakashangilia. Wiki nne baadaye mgonjwa akafa kwa maambukizi.

Lakini daktari wa upasuaji William Macewen wa Glasgow alishampasua msichana wa miaka 14 na kumtoa uvimbe tangu 1879. Msichana huyo aliishi miaka 8 zaidi, akaja kufa kwa ugonjwa wa figo.

Watetezi wa Godlee husema uvimbe wa Macewen ulikuwa kwenye utando unaofunika ubongo, si ndani ya ubongo wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwangu mimi kupona kwa mgonjwa kuna uzito zaidi, na hapo Macewen hana mpinzani: mwaka 1893 aliripoti wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 wakapona, tena kabla ya eksirei na antibayotiki.