Bodi ya NT68676: kuipa kazi mpya skrini ya laptopu iliyokufa

Laptopu nyingi hufa bodi mama huku skrini ikiwa bado nzima, lakini skrini hiyo haichomekwi moja kwa moja kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa kuwa Pi hutoa picha kwa HDMI ilhali skrini hupokea mawimbi ya LVDS au, kwa zile za karibuni, eDP, ambazo ni njia za ndani za kupeleka picha kwenye skrini. Bodi ya kuendeshea skrini yenye chipu ya NT68676 huziba pengo hilo kwa skrini za LVDS, na kwa kazi hiyo naiona inafaa, mradi inunuliwe kwa uangalifu.

Uangalifu huo huanzia kwenye lebo iliyo mgongoni mwa skrini. Programu ya ndani ya bodi huwekwa na muuzaji kulingana na skrini husika. Ikiwa siyo yake, rangi huvurugika au kioo hubaki cheupe. Ni lazima namba inakiliwe yote hadi herufi ya mwisho, kwani N156BGE-L21 ni ya LVDS yenye pini 40, ilhali N156BGE-E31, inayofanana nayo kwa jina, ni ya eDP na haiendeshwi na bodi hii. Kuhesabu pini peke yake hakutoshi, maana zipo skrini kuukuu za LVDS zenye pini 30 kama zile za eDP.

Kabla ya kuwasha, kagua jampa ya volti za skrini, yaani kile kipande kidogo kinachounganisha pini mbili ili kuchagua volti. Skrini za laptopu kwa kawaida hutaka volti 3.3, na bodi inaweza pia kutoa 5 au 12, kiasi cha kuiunguza skrini papo hapo. Ni hatari kubwa mno kuachiwa kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, na maelezo yanayokuja na bodi hayaisisitizi vya kutosha.

Kwenye LP156WH4 ya inchi 15.6 picha imetulia na maandishi ni makali, lakini baada ya marekebisho. Pi ilichagua pikseli 1360 kwa 768 badala ya 1366 kwa 768, na herufi zikawa na ukungu kidogo pembeni. Katika mifumo ya zamani tatizo huondolewa kwa kuandika hdmi_group=2 na hdmi_mode=81 ndani ya faili la mipangilio la Pi, config.txt; mipya huhitaji video=HDMI-A-1:1366x768@60 katika cmdline.txt.

Lalamiko langu kubwa ni umeme. Bodi hutumia volti 12 na Pi volti 5, hivyo utabeba adapta mbili au utaongeza kipunguza volti chenye uwezo wa kutosha kwa Pi, gharama ambayo tangazo la bidhaa haliitaji. Vitufe vya menyu vinafanya kazi, basi.

Skrini za zamani zinazomulikwa kwa mrija badala ya taa za LED nisingezihangaikia: huhitaji inveta, kifaa cha kupandisha umeme, ya mamia ya volti, na mwanga wake huwa umeshafifia.