Nilitafuta dawa ya usingizi, nikapewa daftari: uzoefu wangu wa miezi minne

Kiswahili chetu kina shida moja. Ukijinyoosha kitandani unahesabu mabati, watu wanasema umelala. Ukikoroma, nako umelala. Mke wangu alikuwa anawaambia wageni "Papa amelala" tangu saa tatu za usiku, kumbe mimi niko macho nasikiliza mbwa wa mtaa wetu wa Katuba, Lubumbashi, mmoja mmoja.

Mimi ni soda mzee, yaani askari wa zamani. Niliingia jeshini 1997, kadogo, askari mtoto wa miaka 16, nikatoka 2014. Waliokuwa Pweto, mpakani mwa Kongo na Zambia, Desemba 2000 hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba mji ulianguka mikononi mwa adui, feri ya mto Luvua haikututosha, na tulivuka kuingia Zambia kila mtu kwa njia yake. Feri ile imekuwa ndoto yangu ya karibu kila wiki. Naamka nimelowa jasho, nimeshika shuka kama kamba.

Kabla ya huduma ninayoisifu hapa nilijaribu njia mbili. Ya kwanza lutuku, pombe kali ya kienyeji. Glasi mbili zinakuangusha haraka, hilo sikatai, lakini pombe ikianza kuisha mwilini saa nane usiku unazinduka, na usingizi haurudi tena. Ya pili diazepamu, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi. Niliuziwa kwenye duka moja la dawa bila karatasi ya muganga wa hospitali, bila swali hata moja. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, miaka miwili ikapita. Asubuhi kichwa kizito kama bukari, ugali wetu, ya jana.

Mwenzangu wa zamani ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha afya ya akili. Mtaani watu wanasema pale ni kwa wazimu, kwa hiyo nilipita mbele ya geti mara tatu kabla ya kuingia. Muganga wa kike alinipokea, umri wa mtoto wangu wa kwanza, akaniita Papa na akanipa maswali 9 ya kupima huzuni. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Alama zikipanda, huzuni ni kubwa zaidi. Nilipata 19. Swali la mwisho linauliza kama unawaza afadhali ungekufa. Nilinyamaza. Naye akanyamaza, hakugeuza ukurasa. Nikasema ndiyo, kuna siku. Hakushtuka wala hakunihubiria. Aliuliza kama bunduki iko nyumbani (haipo), akaomba mke wangu aje kesho yake, na vidonge vyote vikahamia kwa mke wangu siku hiyo hiyo. Hata kama huduma ingeishia hapo, ningeipa alama nzuri.

Nilidhani atasema tutibu kwanza huzuni, usingizi utakuja wenyewe. Alikataa. Usingizi mbovu na huzuni vinalishana, alisema, tunavishika vyote pamoja. Matibabu aliyonipa yanaitwa CBT-I, yaani kubadilisha mawazo na mazoea yanayoharibu usingizi, na si dawa ya kumeza. Madaktari wa Marekani, kupitia American College of Physicians, walishauri mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na hayo kabla ya vidonge. Wizara ya maveterani ya huko imetengeneza programu ya simu yenye mpango huohuo wa wiki 5, inaitwa Insomnia Coach. Ni ya bure, haidai uwe askari wala uwe Mmarekani. Iko kwa Kiingereza, basi mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa mkalimani: "Tonton, inauliza uliamka mara ngapi." Baada ya siku nne nilichoka kuulizwa na mtoto mambo ya usiku wangu. Nikaandika kwenye daftari la shule.

Na daftari lilinivua nguo. Kila usiku nilikuwa kitandani kwa muda wa saa 8, usingizini kama saa 5 tu. Muganga aligawa: asilimia 62. Wanaolala vizuri wanafika 85 na kuendelea. Halafu akatoa hukumu ambayo sikuitegemea: usiingie kitandani kabla ya saa sita usiku, toka saa kumi na moja na nusu, hata kama hukupata lepe. Mtu amekuja analia hana usingizi, wewe unampunguzia kitanda! Nilikasirika kweli. Lakini ndiyo hesabu yenyewe: mwili ukibaniwa unakusanya njaa ya usingizi, na kitanda kinaacha kuwa mahali pa vita. Sheria nyingine ni kwamba usingizi ukikataa, usibaki pale ukibishana nao. Inuka, kaa kwenye kiti, rudi macho yakiwa mazito. Mke wangu alinikuta barazani usiku wa manane nachambua maharagwe. Alicheka mpaka akaamsha jirani.

Wiki mbili za kwanza ni mbaya, sitaficha. Nalinda depo ya saruji, nilisinzia nimesimama. Ilibidi nibadilishane na kijana mmoja, yeye achukue zamu za usiku, mimi za mchana, na kila wiki namwongezea kidogo kutoka mfukoni mwangu. Bila hivyo isingewezekana. Kama unaendesha pikipiki au lori, au una kifafa, usijaribu hili peke yako, ongea na muganga kwanza. Na mke akisema unakoroma halafu pumzi inakata, mwambie muganga hilo pia. Huo ni ugonjwa mwingine na daftari haliutibu.

Wiki ya tatu nilifika asilimia 86, nikaongezewa dakika 15 za kitanda. Sijawahi kufurahia dakika 15 namna ile tangu nitoke jeshini.

Ndoto ilikuwa na dawa yake. Mchana, nikiwa macho, naichukua ndoto, nabadilisha mwisho wake ninavyotaka, halafu nairudia kichwani dakika 10 au 15 kila siku. Niliona ni mchezo wa watoto. Kwenye ndoto yangu mpya feri inafika ng'ambo, tunashuka wote, mtu anachoma samaki. Ile ya zamani haijakufa, inakuja mara moja kwa mwezi, lakini siku hizi naamka bila kupiga kelele.

Diazepamu niliiacha polepole, nusu kidonge kwa nusu, kwa ratiba ya muganga. Kuacha ghafla baada ya miaka miwili kunaweza kuleta degedege. Yule aliyeniuzia hakuniambia.

Nisichopenda? Foleni. Kuna siku nilikaa benchi saa 3 kwa mazungumzo ya dakika 20. Pia yale mazoezi ya kupumua taratibu hayanisaidii. Nikifumba macho na kuvuta pumzi, masikio ndiyo yanaanza kazi. Muganga alisema basi tuyaache.

Sasa naruhusiwa kukaa kitandani kwa muda wa saa 6 na nusu, nalala kama saa 6. Maswali yale 9 yalinipa 11 mwezi uliopita, kwa hiyo huzuni bado ipo, na tumeanza kuzungumza mambo ya Pweto yenyewe, ambayo ni magumu kuliko kitanda. Swali la tisa nilijibu sifuri. Alhamisi narudi. Daftari limebaki kurasa nne, nimenunua mawili: moja langu, moja la yule mwenzangu aliyenipeleka, maana nimegundua yeye mwenyewe hakuwahi kuingia getini.