Chanzo au -bin? Uzoefu wangu wa kutunza vifurushi AUR

Ninatunza vifurushi viwili kwenye AUR, ghala la watumiaji wa Arch Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Vifurushi vya programu, si vya data, ingawa vya data navyo vinaumia humu. Programu yenyewe ni moja, imeandikwa kwa lugha ya Rust. Kifurushi kimoja hujengwa kutoka chanzo, yaani msimbo wenyewe, kwenye kompyuta ya anayesakinisha. Kingine kina mkia wa "-bin", kinachukua baineri, yaani faili lililo tayari kuendeshwa, aliyokwisha kuikompaili mwandishi wa programu.

Nilianza na chanzo peke yake, kwa kiburi kidogo. Utumie Arch halafu ule chakula ambacho hukuona kikipikwa? Kilichonishusha ni kompyuta yangu mpakato ya RAM GB 8. Cargo, zana ya kujengea programu za Rust, ilishusha maktaba lukuki, bando likayeyuka, feni ikavuma kama mashine ya kusaga unga, na dakika ya 40, hatua ya mwisho kabisa, kumbukumbu ikajaa na kazi yote ikafa. Kosa nusu lilikuwa langu: BUILDDIR, folda ya kujengea, nilikuwa nimeielekeza /tmp, na kwenye Arch /tmp inakaa humohumo ndani ya RAM. Siku hiyo ndipo nilipowaelewa waliokuwa wakinililia niwawekee -bin.

Kuitunza -bin ni raha. Toleo jipya likitoka nabadilisha pkgver (namba ya toleo), naendesha updpkgsums inayosasisha alama za uhakiki wa mafaili, natengeneza upya .SRCINFO, faili la muhtasari wa kifurushi, nasukuma. Chai haijapoa. Ila unaishi kwa hisani ya mtu mwingine. Safari moja mwandishi aligundua kosa dogo, akabadilisha faili bila kubadilisha namba ya toleo. Asubuhi nikakuta malalamiko yamejaa, kila mtu na mstari uleule: "One or more files did not pass the validity check!" Kumbe sha256sums, zile alama za uhakiki, zilikuwa zinafanya kazi yake, aliyelaumiwa ni mimi. Na maktaba ya mfumo ikipanda toleo, wa chanzo anajenga upya na kuendelea na shughuli zake, wa -bin anasubiri.

Kuhusu usalama, Julai 2025 AUR iliondoa vifurushi vilivyobeba programu hasidi, kikiwamo librewolf-fix-bin. Wengi wakaanza kuilaani -bin. Lakini sumu iliingia kupitia hazina ya Git iliyotajwa ndani ya PKGBUILD, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, na mlango huo upo hata kwenye kifurushi cha chanzo. Mimi kwanza nasoma source=(), yaani orodha ya anwani za kushushia, na faili la .install lenye amri za wakati wa kusakinisha, nikikuta anwani isiyo ya mradi wenyewe, naachana nacho.

Zana ndogo bado nazijenga kutoka chanzo. Kivinjari? Sithubutu, naweka -bin. Hata hii programu ninayoitunza mwenyewe, kwenye kompyuta mpakato nimesakinisha -bin, na sioni aibu kusema. Cha chanzo nakijaribu usiku kwenye ile ya mezani kabla ya kusukuma toleo, na mwezi huu umeme umenikatikia katikati mara mbili.